WILLIE HORNE ANA SANAMU, MKOJANI HANA HATA JINA

Nimekuwa kimya siku nyingi hapa kibarazani, wengine mkadhani nimehama mji. Sijahama. Kuna jambo linanikaba tangu 2022 na leo nalitoa lote. Kama kuna mwanahabari mwenzangu ataudhika, aanze kuudhika na mimi, maana mshitakiwa namba moja humu ndani ni mwenye kibaraza.

Nilikwenda Kojani mara ya kwanza 2019. Kwa wale mnaoijua Pemba kupitia taarifa za uchaguzi tu, Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, katika wilaya ya Wete. Unavuka mkondo kwa chombo, dakika chache, umefika. Nyumba zimebanana, watoto wengi, na karibu kila mtu ana habari na bahari. Wakojani ni wavuvi wa kuhama. Upepo ukigeuka wanajikusanya, wanapakia nyavu na vyungu, wanakwenda dago: Tanga, Mafia, Dar, hadi pwani ya Kenya. Wanapiga kambi, wanavua, wanarudi. Ukanda mzima wa pwani unawajua. Lakini ukimwambia kijana wa Kinondoni neno "Mkojani" atakutajia mchekeshaji wa kwenye luninga. Sina ugomvi na mchekeshaji. Nasema tu hapo ndipo tulipofika.

Nilikuwa nimetumwa habari ya bei ya samaki. Nikamaliza mahojiano, nikakaa barazani kusubiri chombo cha kurudi. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, wa miaka karibu tisini kwa maelezo yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Weye wa nani?"

Nikajieleza ukoo wangu mpaka akaridhika. Mbele yetu vijana walikuwa wanapiga mpira wamevaa jezi za klabu za Uingereza, kila mmoja na jina la mtu mgongoni. Mzee akawatazama, akacheka.

"Hawa wamevaa majina ya watu. Siye tulikuwa na mtu hapa hapa. Hakuwa na jezi wala viatu."

Akanisimulia. Vita ile ya Hitla, yeye mzee alikuwa mtoto wa kuokota mipira. Kulikuwa na mvuvi mmoja wa Kojani aliyekuwa akitoka baharini, anaosha chumvi, anavuka mkondo, anatembea kwa miguu kwenda kucheza mpira. Akiwa dago Tanga anacheza na watu wa Tanga. Akiwa Mombasa anacheza na wa Mombasa. Akirudi, watu wanajua wiki hiyo kuna mchezo. Sikukuu ikifika, mtu huyo huyo ndiye nahodha wa ngalawa kwenye resi. Mzee akamtaja jina, la baba yake na la babu yake. Akaniambia na mtaa aliozikwa.

Nilikuwa na daftari mfukoni. Sikulitoa. Nilijisemea kwamba hii siyo habari niliyotumwa, na mhariri hawezi kuichukua. Tena nikajisemea nitarudi, neno ambalo sisi waandishi tunalipenda kuliko mshahara.

Nilirudi 2022. Mzee amefariki 2021. Nikauliza pale pale barazani kuhusu yule mcheza mpira. Mmoja akasema alikuwa mrefu sana. Mwingine akasema hapana, huyo mrefu alikuwa ndugu yake. Wa tatu akaniuliza kwa nini nataka kujua, swali ambalo mgeni mwenye daftari huulizwa mara mbili Pemba, na watu wana sababu zao. Jina sikulipata. Niliwahi kuwa nalo masikioni mwangu, limetamkwa wazi, likapita. Hilo ndilo linalonikaba.

Sasa naomba unifuate Uingereza kidogo, halafu tutarudi.

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza kuna mji unaitwa Barrow-in-Furness. Uko mwisho wa rasi, na ng'ambo ya mkondo mwembamba kuna kisiwa cha Walney. Umeona? Mkondo na kisiwa, kama kwetu. Mji wa watu wa bahari, ila wao wanaunda meli. Mwaka 1922 alizaliwa hapo mtoto anaitwa Willie Horne. Akakua, akawa fundi katika karakana ya meli ya Vickers. Vita ikaja, na kwa sababu ya karakana hizo ndege za Wajerumani ziliupiga mji huo mabomu Aprili na Mei 1941. Katikati ya hali hiyo, mwaka 1943, Horne akaanza kuichezea klabu ya mji wake raga ya wachezaji 13.

Nieleze hapo, maana wengi tunaijua raga moja tu. Zipo mbili. Ile ya wachezaji 15 ilikuwa ya mabwana, waliosoma shule za gharama, wakisema mchezo ni heshima na kupokea pesa ni aibu. Agosti 1895, katika mji wa Huddersfield, klabu zaidi ya 20 za kaskazini zikajitoa. Zilidai kitu kimoja kidogo: mchimba makaa akiacha zamu Jumamosi ili acheze, alipwe fidia ya ujira alioupoteza. Mabwana wakakataa, na hapo ikazaliwa raga ya wafanyakazi. Kwa miaka mingi, mtu akiichezea tu, mabwana wanamfungia asirudi tena kwao.

Vita ilipokuja jeshini wakalazimika kuchanganyika. Januari 1943 huko Headingley, Leeds, wanajeshi wa raga ya 13 waliwakabili wa raga ya 15, kwa kanuni za hao wa 15. Wafanyakazi wakashinda 18 kwa 11. Aprili 1944 wakarudiana uwanja wa Odsal, Bradford, wafanyakazi wakashinda tena 15 kwa 10. Ligi nayo ilichezwa kwa shida, na wachezaji waliruhusiwa kuwa wageni: ukipangiwa kazi au kambi mji fulani, unacheza na klabu ya hapo. Mkojani wangu akiwa dago Tanga na kucheza na watu wa Tanga alikuwa anafanya nini kingine?

Vita ilipokwisha, 1946, Uingereza ikatuma timu Australia. Meli za abiria hazikuwepo, wakapakiwa kwenye manowari ya kubeba ndege, HMS Indomitable, wachezaji 26, Horne akiwemo. Mechi kubwa zilikuwa tatu. Ya kwanza sare 8 kwa 8 mjini Sydney, ya pili wakashinda 14 kwa 5 Brisbane, ya tatu 20 kwa 7 Sydney. Mwaka 1952 Horne alikuwa nahodha wa taifa dhidi ya Australia. Mwaka 1955 aliiongoza Barrow kuchukua Kombe la Challenge uwanjani Wembley, wakiifunga Workington Town 21 kwa 12. Alifariki 2001. Mwaka 2004 mji wake ulimwekea sanamu.

Mtu huyu si Pelé. Muulize Mwingereza wa London leo, uwezekano mkubwa hamjui. Ni fundi wa karakana aliyecheza mchezo ambao hata nusu ya nchi yake haikuujali, katika mji mdogo, wakati wa mabomu. Na mimi, kijana wa Kipemba niliyekaa Dar na simu mkononi, naweza kukueleza alizaliwa lini, alisafiri na meli gani, na fainali ilikwisha kwa ngapi.

Meli ile ile Indomitable ilikuwa katika maji yetu miaka minne kabla. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Ceylon, kundi la meli za Kiingereza la mashariki lilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Mei 1942 Indomitable ilishiriki uvamizi wa Madagascar. Mwaka huo huo Burma ilianguka mikononi mwa Wajapani, na mchele wa Burma ambao Zanzibar iliutegemea ukakatika. Kwa hiyo babu zetu hawakuwa nje ya vita hiyo, waliila na kuilala njaa. Wavuvi walivua ndani ya bahari hiyo hiyo zilimopita nyambizi. Na katika hayo yote walicheza, kama Barrow walivyocheza. Tofauti ni kwamba Barrow kuna mtu alikuwa na daftari na akalitoa mfukoni.

Najua utakavyonijibu. Nimeyasikia yote, mengine nimeyasema mwenyewe. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: "Mkoloni hakutuandika." Kweli tupu, na ushahidi upo. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu angalau 116,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, waliokufa katika Vita ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Wafu, jamani, achilia mbali wacheza mpira. Lakini angalia upande wa pili. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo na askari wetu wa mizinga ndani yake, waliokufa walihesabiwa: 1,297. Maana yake mkoloni alijua kuandika alipotaka kuandika. Hakutaka kumwandika mvuvi anayecheza mpira. Sawa, namlaumu. Lakini mkoloni kaondoka Zanzibar Desemba 1963! Zaidi ya miaka sitini. Wachezaji wa miaka ya 1940 waliendelea kuwa hai kwetu miaka ya 1970, ya 1980, ya 1990. Walikaa barazani wakicheza bao. Nani aliwafuata na daftari? Hapo mkoloni hayupo, tupo sisi.

Jibu la pili: "Utamaduni wetu ni wa masimulizi, sisi si watu wa kuandika." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wasiojua kwao. Sisi watu wa mwambao tumeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne kabla ya shule ya Mzungu. Tuna tenzi, tuna barua, tuna hati za mashamba ya mikarafuu. Wakati wa vita Zanzibar ilikuwa na magazeti: Samachar la Wahindi lililoanza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Al-Falaq la Jumuiya ya Waarabu tangu 1929, Mwongozi lililozaliwa 1942. Kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Ni wangapi kati yetu tunaojiita waandishi wa michezo tumewahi kuingia humo kutafuta matokeo ya mechi moja ya zamani? Mimi sijawahi. Nimepita nje kwa daladala mara mia, na ndani sijaingia hata siku moja.

Na masimulizi yenyewe yana kanuni. Masimulizi yanaishi pale mtoto anapokaa na babu yake. Kijana akiwa amekaa na simu na babu amekaa peke yake, hapo hakuna masimulizi, kuna kimya tu. Hatuwezi kuacha kuandika halafu tukaacha na kusikiliza, kisha tukasema ndio mila yetu. Hiyo siyo mila, ni uvivu uliovaa kanzu.

Jibu la tatu: "Michezo ni upuuzi, Pemba ina matatizo makubwa zaidi." Maji, barabara, ajira, siasa. Yote kweli. Lakini nani kakwambia mpira na siasa ni vitu viwili kwetu? Miaka ya 1930 vilabu vya mpira vya Ng'ambo, Unguja, ndipo watu waliponyimwa kila baraza walipojifunza kuchagua viongozi, kuchanga fedha na kugombana kwa kanuni. African Sports Club na African Association iliyoundwa 1934 zilikuwa damu moja, na Abeid Karume alikuwa mtu wa klabu hiyo kabla hajawa mtu wa chama. Shirazi Association ikaanzia Pemba 1939. Mwaka 1957 pande hizo zikaungana kuwa ASP. Anayesema mpira ni upuuzi hajui chama chake kilikozaliwa.

Tena michezo ndiyo sehemu pekee ambapo mtu wa kawaida anaonekana akiwa mzima. Katika karatasi za serikali mvuvi wa Kojani anatokea kama mlipa kodi, kama mgonjwa, kama mtu wa kuhesabiwa, kama tatizo la nyavu haramu. Uwanjani na kwenye ngalawa anatokea kama hodari. Ukilifuta hilo unabaki na watu wasio na hodari hata mmoja katika kumbukumbu yao, na watoto wao wanakwenda kuazima mahodari wa Manchester.

Jibu la nne, la wasomi: "Zipo kazi za utafiti." Zipo, na nyingi ni za wageni. Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair alichapisha 2001 kitabu chake "Pastimes and Politics", kina sura nzima ya mpira wa Zanzibar, kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza. Namvulia kofia. Lakini kitabu hicho ni cha mjini Unguja na kinaishia 1945. Pemba inasubiri. Na matokeo ya Kombe la Gossage, lile lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa jina la kampuni ya sabuni, Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949, ukiyataka leo utayakuta yamekusanywa na wapenzi wa takwimu wa nje. Nani kamfunga nani, ngapi kwa ngapi. Vijana wa Zanzibar waliocheza 1949 ndio waliokuwa wanajifunza mpira wakati wa vita. Nitajie watatu. Au tuache ya zamani. Mwaka 1995 Zanzibar ilichukua Kombe la Challenge la CECAFA huko Uganda, ubingwa mkubwa kuliko wote tuliowahi kupata. Nitajie kikosi cha kwanza bila kupiga simu kwa mjomba. Huwezi. Lakini Arsenal ya 2003/04 unaijua mpaka benchi: mechi 38, ushindi 26, sare 12, kufungwa hakuna. Na mimi pia naijua, ndiyo maana natukana kwa kujiamini.

Machi 2017 tulishangilia CAF ilipotupa uanachama kamili. Julai mwaka huo huo wakaufuta. Tulikasirika sana, tukaandika mitandaoni kwamba dunia haitutambui. Nami nilikasirika. Lakini hebu tuulizane kwa utulivu: sisi wenyewe tumejitambua? Nchi inayodai kiti kwenye mpira wa dunia inatakiwa iweze kusema nani alianza, nani alifuata, nani alikuwa hodari, nani alivunjika mguu akiwa na miaka 20. Tukiulizwa, tunaonyesha wapi? Viongozi wetu wa mpira wamegombania ofisi, mihuri na akaunti kwa miaka. Sijawahi kusikia wamegombania kumbukumbu.

Pemba tunaonewa mara mbili. Unguja inalalamika kusahauliwa na Bara, halafu Unguja inaisahau Pemba, na Chake Chake inaisahau Kojani. Chukua vitabu vya watalii vinavyotaja Pemba. Vingi vitakwambia kuna mchezo wa ng'ombe, na kwamba asili yake ni Wareno. Ng'ombe wameandikwa, Wareno wameandikwa, Mpemba anayesimama mbele ya pembe hana jina. Resi za ngalawa nazo zinapigwa picha nzuri sana kwa ajili ya matamasha: tanga jeupe, bahari ya kijani. Nahodha ni kivuli. Nani alishinda mwaka juzi? Hakuna anayejua, picha ilikuwa nzuri lakini.

Sasa usinielewe vibaya. Siombi sanamu Kojani. Wazee wenyewe hawaitaki, na dini yetu ina la kusema kuhusu sanamu. Naomba kitu rahisi kuliko sanamu: jina, jina la baba, mwaka wa karibu, alicheza wapi, nani anakumbuka. Mistari mitano. Barrow hawakuanza na sanamu 2004. Walianza na karani wa klabu aliyeandika kikosi kila Jumamosi, na kijana wa gazeti la mji aliyesimama pembeni kwenye mvua akihesabu pointi. Sanamu ilikuja mwisho, baada ya miaka sitini ya mistari mitano mitano. Na wale hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa makaa na chuma walioambiwa na mabwana kwamba mchezo wao si mchezo. Waliandika kwa sababu walijua mabwana hawatawaandikia.

Hapo ndipo kisingizio chetu kinapokufa. Daftari ni bei ya soda. Simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi inarekodi sauti masaa mengi kuliko mzee yeyote anavyoweza kuongea kwa siku. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa SUZA wanatafuta mada za utafiti kila mwaka na wanaishia kunakiliana. Klabu zetu zina makatibu wanaoandika barua za kuomba jezi lakini hawana rejesta ya wachezaji wa miaka kumi iliyopita. Shirikisho la mpira lina tovuti na kurasa za mitandao zenye picha za viongozi wakikabidhiana vitu. Na vyumba vyetu vya habari vina dawati la michezo ambalo kila asubuhi linatafsiri habari za usajili wa Ulaya, zile zile ambazo msomaji ameshazisoma usiku. Tunalipwa kwa kazi hiyo. Kidogo, lakini tunalipwa.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na siyo la semina wala la kuombea ufadhili. Kila mmoja wetu anayeandika michezo achukue mzee mmoja kwa mwezi. Wa kwao, wa mtaani kwake, siyo lazima awe maarufu. Amuulize mambo mawili: nani alikuwa hodari ulipokuwa mtoto, na ulimwona wapi. Aandike, apeleke nakala Kilimani au maktaba yoyote itakayopokea, hata kama mhariri hataichapa. Mzee mmoja kwa mwezi ni wazee kumi na wawili kwa mwaka. Tukiwa waandishi ishirini ni 240. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu na bado hatuifanyi.

Na tufanye haraka, maana hesabu nyingine inakwenda kinyume chetu. Aliyekuwa na miaka kumi vita ilipoisha 1945 alizaliwa 1935. Piga mwenyewe uone ana umri gani leo, kama yupo. Waliocheza wenyewe wameshakwisha. Waliowaona wakicheza ndio wanaomalizika sasa, mmoja mmoja, Alfajiri, tangazo la msikitini, maziko kabla ya Adhuhuri. Sisi tunakwenda kwenye maziko, tunarudi, tunaangalia mechi ya saa kumi na moja.

Nilivyokwenda 2022 na kukosa lile jina, kijana mmoja alinivusha kurudi ng'ambo. Amevaa jezi ya Liverpool. Njiani nikamweleza kisa chote, kwamba hapa kwao palikuwa na mtu aliyecheza Tanga, akacheza Mombasa, akarudi akashinda resi. Aliacha kupiga kasia, akanitazama.

"Babu wa nani huyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nimelisikia miaka mitatu kabla, barazani, umbali wa kutupa jiwe kutoka pale tulipokuwa tunaelea, nikaona siyo habari.

Haya. Nimeshasema. Mwenye mzee hai nyumbani kwao azime hii simu akamsalimie, na daftari aende nalo mkononi.